Rangi ya chambo: Inamnasa samaki ama inakunasa wewe?

Fungua video za Wamarekani wanaovua samaki aina ya besi na utadhani uko kwa mtu wa kupaka kucha rangi. Kuna chambo bandia cha zambarau chenye vumbi la dhahabu, kuna cha kijani ya malenge ambacho wavuvi wa kule hawatoki nyumbani bila, halafu kuna cha njano inayowaka kama koti la mtu wa bodaboda. Kila mmoja anaapa yake ndiyo inayonasa.

Kwa kijana wa Nairobi anayeteremka Naivasha wikendi na fimbo yake ya kuvulia, hili ni swali la mfukoni. Vyambo hivi vingi vinatoka nje, bei si ya mchezo, na kimoja kikinasa kwenye mafunjo mshipi ukikatika, kwisha. Je, rangi ina maana ama ni ujanja wa muuzaji?

Ina maana, ila si kwa kiwango anachokuambia yeye.

Besi mwenyewe si mwenyeji wa huku. Aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kuwe na samaki wa kuvuliwa kwa burudani. Ni mwindaji. Anajibanza kwenye majani ya maji, kitu kikipita anakivamia. Mwaka wa 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana, na besi akapata mlo mwingine.

Sasa, macho yake yanaona nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha matokeo yao mwaka wa 2019. Waligundua kwamba jicho la besi lina aina mbili tu za seli za kutambua rangi, moja ya nyekundu na nyingine ya kijani. Sisi binadamu tuna tatu. Kisha wakawafunza samaki hao kwamba ukienda kwenye rangi fulani unapewa chakula. Waliofunzwa nyekundu hawakubabaika, na wa kijani pia walijitahidi. Lakini njano ile inayowaka waliichanganya na nyeupe, na bluu wakaichanganya na nyeusi.

Yaani ukinunua chambo cha bluu na cha nyeusi, machoni pa besi huenda umenunua kitu kimoja mara mbili. (Usimwambie mwenye duka.) Bila shaka, kutambua rangi ndani ya tangi ni jambo moja na kuuma ndoano ziwani ni jambo lingine. Hata hivyo, jaribio hilo linapunguza orodha ya manunuzi.

Halafu kuna maji yenyewe. Kwenye maji maangavu, nyekundu ndiyo hufifia kwanza kadiri unavyoshuka. Kwenye maji ya matope, karibu kila rangi hupotea haraka. Na Naivasha mara nyingi ni matope: Mto Malewa unaleta udongo, na samaki aina ya kapi, ambao wamejaa humo tangu miaka ya 2000, wanafukua chini wakitafuta chakula. Hapo kinachosaidia ni weusi. Chambo cheusi kinaonekana kama kivuli dhidi ya mwanga wa juu. Isitoshe, besi ana mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, kwa hivyo chambo kinachotetemeka au kugonga-gonga kinaweza kumwita hata pale macho yameshindwa.

Wamarekani walishajaribu kuifanya rangi kuwa hesabu. Miaka ya 1980 kulikuwa na kifaa kilichoitwa Color-C-Lector: unashusha kitambuzi majini kwa waya, kinapima mwanga, mshale unakuonyesha rangi ya kutumia siku hiyo. Wavuvi walikinunua kwa wingi. Leo hukisikii sana, ila rangi zimezidi kuongezeka madukani.

Pale ambapo rangi inafanya kazi kweli ni maji yakiwa safi, jua likiwa kali na samaki ana muda wa kukikagua chambo. Hapo iga chakula chake. Kwa Naivasha, hiyo ni hudhurungi yenye wekundu, umbo la kamba, ukikiburuta chini polepole kwa mishtuko midogo.

Kwa hivyo nunua viwili: cheusi na cha hudhurungi-nyekundu. Pesa inayobaki lipia leseni, mashua na mwenyeji anayejua viboko wanalala wapi, kwa sababu kuvua ukiwa umesimama kwenye mafunjo ni kujitafutia makubwa. Na saa nzima ikipita bila kuguswa, hama mahali ama ubadilishe kina kabla ya kugusa kisanduku cha rangi. Ukivuta na kumpata kapi badala ya besi, usishangae. Nao ni wengi humo.