Mtoto wa chekechea asiyetulia: ADHD kabla ya darasa la kwanza

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, ashindwe kukaza akili kwenye jambo moja, na atende kabla ya kufikiri, kwa kiwango kisicholingana na umri wake. Wengi huisikia ikitajwa kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu ambaye daftari lake halina kazi iliyokamilika. Dalili, hata hivyo, mara nyingi huonekana mapema zaidi, kati ya miaka mitatu na mitano. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu katika umri huo karibu kila mtoto hupanda juu ya meza, hukatiza maneno ya wakubwa na hukataa kungoja zamu. Mtoto wa miaka mitatu anayekaa kimya kwa saa nzima ndiye wa kutiliwa shaka.

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataka dalili zisizopungua sita za kukosa umakini, au sita za kutotulia na papara. Ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, na zinamvurugia mtoto maisha yake. Kwa watoto wadogo, sharti la mazingira mawili ndilo lenye msaada mkubwa. Mtoto anayewashinda wazazi nyumbani lakini akatulia kwa bibi yake na chekechea, huenda kinachohitaji kuchunguzwa kwanza ni mpangilio wa nyumba. Mwenye ADHD hali yake humfuata kila aendako: huchomoka kuelekea barabarani ingawa jana na juzi alikatazwa, huacha mchezo baada ya dakika moja na kurukia mwingine, huwasukuma wenzake kwa kushindwa kungoja, na huumia mara nyingi kuliko ndugu zake.

Kabla ya hali hiyo kupewa jina, kuna mengi ya kuondolewa njiani. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Anayekoroma usiku kwa sababu ya mafindofindo makubwa hulala vibaya, na mtoto mdogo mwenye usingizi mbovu hasinzii mchana kama mtu mzima; huhangaika. Usonji, kuchelewa kuongea, aina ya kifafa inayomfanya mtoto azubae kwa sekunde chache, na hofu inayoletwa na ugomvi wa nyumbani vyote vinaweza kuvaa sura hiyohiyo. Umri nao hudanganya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliangalia majimbo ambako mtoto lazima awe ametimiza miaka mitano kufikia Septemba 1 ili aanze shule. Waliozaliwa Agosti, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani, walitambuliwa kuwa na ADHD kwa takriban asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba. Ubongo wa watoto wa Agosti haukuwa na kasoro zaidi. Walilinganishwa tu na wenzao waliowazidi karibu mwaka mzima. Katika chekechea zinazochanganya wa miaka mitatu na wa mitano chumba kimoja, jambo hilo linastahili kukumbukwa kabla mwalimu hajamwita mzazi.

Chanzo kikubwa ni urithi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watoto katika dalili hizi inatokana na vinasaba. Kuzaliwa njiti au na uzito mdogo huongeza uwezekano, na vivyo hivyo sumu ya risasi, ile iliyowaathiri wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Sukari, inayolaumiwa karibu kila sherehe ya watoto, haina hatia hiyo. Katika jaribio la mwaka 1994, baadhi ya akina mama waliambiwa wana wao wamepewa sukari nyingi, ilhali hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa. Waliwaona wana wao kuwa watukutu zaidi, wakawakosoa zaidi na kuwafuatafuata kwa karibu. Jicho la mtu mzima lilibadilika, na mkono wake ukafuata.

Malezi mabaya hayasababishi ADHD. Lakini namna mtu mzima anavyoitikia dalili inaweza kuzipoza au kuzichochea, na ndiyo maana tiba ya umri huu humwanzia mzazi. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unaweka mafunzo ya wazazi kuwa hatua ya kwanza kwa watoto wa miaka minne na mitano, pamoja na mbinu za darasani pale zinapopatikana. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unaelekeza vivyo hivyo kwa walio chini ya miaka mitano, na hauruhusu dawa kabla ya maoni ya pili ya daktari aliyebobea katika ADHD ya watoto wadogo.

Mafunzo hayo yana mifumo mingi. Katika ule uliobuniwa na Sheila Eyberg wa Chuo Kikuu cha Florida, mzazi hucheza na mtoto chumbani huku mtaalamu akiwatazama kupitia kioo na kumwelekeza mzazi kwa kifaa cha sikioni. Sehemu ya kwanza huwashangaza wengi, kwa kuwa hakuna adhabu wala amri. Mzazi anaambiwa aufuate mchezo wa mtoto, aseme anachokiona, asifie, asiulize maswali, asikosoe. Kisha nyumbani afanye hivyo dakika tano kila siku. Sababu yake ni ya msingi. Mtoto mwenye ADHD hushinda akisikia “shuka”, “acha”, “utavunja”. Akicheza vizuri watu wazima hushukuru kimoyomoyo na kuendelea na shughuli zao. Akimwaga maji wote humgeukia. Amejifunza, bila kufundishwa, kwamba kuharibu ndiyo njia ya kupata macho ya mama. Sifa inayotaja kitendo, kwa mfano “umemngoja mdogo wako, vizuri sana”, inaanza kuigeuza hesabu hiyo.

Sehemu ya pili ni amri. Itolewe kwa ukaribu, moja kwa wakati, kwa maneno machache, na itaje kinachotakiwa: “weka kikombe mezani” humwambia mtoto la kufanya, “acha ujinga” haimwambii lolote. Kisha mzazi angoje sekunde kadhaa badala ya kurudia mara tano kwa sauti inayopanda. Malipo yawe ya papo hapo. Kwa mtoto huyu kungoja kwenyewe ni mateso, hivyo ahadi ya zawadi ya Jumamosi haina nguvu Jumanne asubuhi; kuchagua hadithi ya usiku huo kuna nguvu. Akikosea, kukalishwa pembeni dakika chache bila hotuba kunatosha. Mzazi anapoanza kupuuza vituko vidogo, vituko huzidi kwanza kabla ya kupungua, na wengi hukata tamaa siku hizohizo.

Fimbo hunyamazisha kwa dakika kumi. Mtoto asiyeweza kujizuia haoti breki kwa kuchapwa, na tafiti nyingi zinahusisha kipigo na ukali unaoongezeka baadaye. Ugumu mwingine uko katika idadi ya walezi. Nyumba yenye mama, bibi, shangazi na dada wa kazi ina sheria nne. Mama akikataa biskuti, bibi hutoa, na mtoto hujifunza kusumbua mpaka apate. Tena, kwa kuwa hali hii hurithiwa, mzazi anayetakiwa kushika ratiba bila kuteleza anaweza kuwa yeye mwenyewe na ADHD isiyowahi kutambuliwa. Kumlaumu hakusaidii, kumwandikia hatua chache ukutani husaidia.

Chekechea, mwalimu humkalisha karibu naye, huigawa kazi vipande vifupi, na humpa sababu halali za kunyanyuka, kama kugawa karatasi au kukusanya vikombe. Nyumbani, usingizi haupaswi kudharauliwa: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba wa miaka mitatu na minne walale saa 10 hadi 13, wachangamshe mwili dakika 180 kwa siku, na wasizidishe saa moja mbele ya skrini.

Dawa hubaki kwa wenye dalili nzito ambao mafunzo hayakuwatosha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwahusisha watoto 303 wa kati ya miaka mitatu na mitano na nusu, na wazazi walipitia kwanza mafunzo ya wiki kumi. Dawa iliyojaribiwa, methilifenideti, ilisaidia, ila kwa kiasi kidogo kuliko inavyowasaidia wa shule ya msingi, na madhara yalikuwa mengi: kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kulialia na hasira za haraka. Takriban asilimia 11 waliacha dawa kwa sababu ya madhara. Kwa kinyume cha kustaajabisha, dawa iliyoidhinishwa rasmi Marekani kuanzia miaka mitatu ni amfetamini, kwa idhini ya zamani iliyotolewa masharti yakiwa mepesi. Methilifenideti, ambayo miongozo huipa nafasi ya kwanza, imeidhinishwa kuanzia miaka sita.

Watoto wa utafiti huo walipofuatiliwa miaka sita baadaye, karibu tisa kati ya kila kumi bado walikuwa na vigezo vya ADHD. Kwa hiyo mpango hutengenezwa kwa miaka, na hupitiwa upya kila mtoto anapohama ngazi. Anapoingia darasa la kwanza, mwalimu mpya anahitaji kupewa maelezo ya mbinu zilizofanya kazi chekechea na zilizoshindikana, ili asianze kuzitafuta upya Januari.