Esta, Vimeng'enya na Maji: Kutoka Harufu ya Nanasi hadi Kidonge cha Aspirini

Nanasi bivu la Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, hutambulika kwa harufu kabla ya kukatwa. Harufu hiyo ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na miongoni mwa zilizo muhimu ni jamii iitwayo esta. Esta hupatikana pale asidi inapoungana na alkoholi. Muungano huo huzaa pia maji. Mafuta ya nazi ni esta, na aspirini vilevile ni esta.

Katika mwili wa binadamu, vimeng'enya huvunja esta. Lipesi itokayo kwenye kongosho hutumia maji kuvunja mafuta ya chakula ili yafyonzwe utumboni. Mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi lipesi ya kutosha hupata choo chenye mafuta na hukonda, ingawa anakula.

Mwaka 1900, wanakemia wa Marekani Joseph Kastle na Arthur Loevenhart walionyesha kuwa lipesi yaweza pia kufanya kazi kinyume. Waliikutanisha na asidi butiriki na alkoholi, wakapata ethili butireti, esta inayonukia kama nanasi. Kimeng'enya huharakisha badiliko tu. Hakiamui mwelekeo wake. Maji yakiwa mengi, esta huvunjika. Yakiondolewa, esta huundwa.

Viwanda vimejengwa juu ya kanuni hiyo. Lipesi hunatishwa kwenye punje ndogo ili itumike tena na tena, kisha asidi na alkoholi huchanganywa nayo huku maji yanayozalishwa yakiondolewa. Kazi hiyo huhitaji nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi, ilhali njia ya kemikali kwa esta za mafuta mara nyingi huhitaji zaidi ya 150. Nishati huokolewa, na bidhaa haiungui wala kubadilika rangi. Hivyo ndivyo baadhi ya esta za kulainisha ngozi katika krimu, pamoja na baadhi ya vionjo vya matunda, hutengenezwa. Wazazi wakumbuke kuwa kionjo cha nanasi katika dawa ya maji hakiifanyi kuwa kinywaji. Chupa iwekwe mbali na watoto.

Aspirini hutengenezwa kwa njia ya kemikali, si kwa vimeng'enya, lakini kanuni ya maji inaihusu pia. Hewa ya pwani, kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kuendelea kaskazini, ina unyevu mwingi. Unyevu ukiingia katika kopo lililoachwa wazi, aspirini huvunjika polepole kuwa asidi salisiliki na asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake. Kidonge kinachonuka siki kimeanza kuharibika. Kwa mgonjwa aliyeandikiwa aspirini kila siku kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi, hasara yake ni kinga iliyopungua bila yeye kujua.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya asimpe mgonjwa vidonge katika karatasi tupu, bali katika pakiti yake ya asili au kopo lenye kifuniko kinachobana. Nyumbani, dawa isiwekwe jikoni wala bafuni, na kidonge kitolewe kwenye pakiti wakati wa kumezwa tu. Tarehe ya mwisho wa matumizi iangaliwe hata pasipo harufu yoyote. Mgonjwa akigundua harufu ya siki, asiache matibabu. Airudishe dawa kituoni abadilishiwe.