Punguzo au Nyongeza? Kitendawili cha Bei Mbili Vituoni

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilinijia akilini hivi majuzi nilipokuwa nikitoka Karatina kuelekea Nyeri mjini, safari fupi ambayo ilinifunza jambo ambalo darasani ningelichukua muhula mzima kulifafanua.

Karatina nilisimama kwenye kituo kimoja cha mafuta. Kabla hajafungua tangi, mhudumu, kijana anayenifahamu, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, utalipa pesa taslimu au kwa simu?" Nilipomjibu kwamba ningelipa kwa simu, alinifahamisha kwamba ilinibidi kuongeza shilingi mbili kwa kila lita. Anayelipa taslimu alitozwa bei ile ile iliyoandikwa kwenye bango la barabarani, ambayo ndiyo bei ya juu kabisa iliyotangazwa na serikali kwa mji huo.

Nilipofika Nyeri niliingia katika kituo kingine kutia gurudumu upepo. Hapo palikuwa na kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa mkono: "Ukilipa taslimu, punguzo la shilingi mbili kwa lita." Wa kulipa kwa simu au kwa kadi alitozwa bei ya bango, na wa taslimu akatozwa chini yake.

Tofauti ya bei katika vituo hivyo viwili ilikuwa ile ile, shilingi mbili. Hata hivyo, nilitoka Karatina nikinung'unika, na nilipoisoma ile kadibodi ya Nyeri nilijiona kama mtu aliyekaribishwa. Je, ni maneno tu yaliyonibadilisha moyo, au kuna jambo zaidi?

Kwa upande mmoja, ni maneno. Sisi tunaoshughulika na taaluma ya isimu tunajua kwamba neno halielezi jambo tu, bali pia humwonyesha msikilizaji mahali pa kusimama anapolitazama jambo hilo. Anayesema "nyongeza" huifanya bei ya taslimu kuwa ndiyo bei halali, na mlipaji wa simu akaonekana mkosaji anayetozwa faini. Anayesema "punguzo" huifanya bei ya simu kuwa ya kawaida, na mlipaji wa taslimu akaonekana mtu aliyetunukiwa zawadi.

Wenzetu wa Marekani waliligundua jambo hili zamani. Mwaka wa 1980 mtaalamu wa uchumi Richard Thaler alieleza jinsi makampuni ya kadi yalivyopigania kwamba, iwapo lazima pawe na bei mbili, basi tofauti iitwe punguzo la taslimu wala si nyongeza ya kadi. Makampuni hayo yalijua kwamba mtu huuma meno anapoongezewa, lakini hupuuza anapokosa kupunguziwa. Jimbo la New York lilitunga sheria iliyokataza nyongeza na kuruhusu punguzo. Kesi dhidi ya sheria hiyo ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka wa 2017, majaji waliamua kwamba ilikuwa ikidhibiti usemi wa mfanyabiashara. Kwa maneno mengine, mahakama kuu ya taifa hilo ililazimika kushughulikia swali la isimu!

Uingereza na nchi za Jumuiya ya Ulaya zilichukua njia nyingine. Tangu Januari 2018 ni marufuku huko kumtoza mnunuzi nyongeza kwa sababu ametumia kadi yake ya kawaida ya matumizi binafsi.

Hata hivyo, sisi hapa Kenya tuna kigezo ambacho New York haikuwa nacho, nacho ni dari ya bei. Biashara ya mafuta ililegezewa masharti mwaka wa 1994, na kila kituo kikajipangia bei hadi Desemba 2010, udhibiti uliporejeshwa. Tangu hapo bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta taa hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, kwanza na Tume ya Kudhibiti Kawi (ERC), na tangu 2019 na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Kila mji una kiwango chake. Bomba la mafuta hutoka Mombasa hadi Nairobi, likaendelea Nakuru, Eldoret na Kisumu. Huku kwetu Mlima Kenya halifiki. Mafuta ya Nyeri, Embu na Meru huletwa kwa malori, na gharama ya safari hiyo huingizwa katika bei. Ndiyo sababu lita moja Nyeri huwa ghali kuliko Nairobi, na Nairobi kuliko Mombasa.

Basi msomaji azingatie maneno haya: bei ya juu kabisa. Kituo kina ruhusa ya kuuza chini ya kiwango hicho wakati wowote kipendapo. Kuuza juu yake hakina ruhusa. Kwa hivyo ile kadibodi ya Nyeri ilikuwa halali, ilhali yule kijana wa Karatina alikuwa ametumwa na mwajiri wake kuniomba nivuke dari ya sheria. Shilingi mbili chini ya dari ni biashara, na shilingi mbili juu yake ni kosa, hata zikiitwa kwa jina tamu kiasi gani.

Si haki, lakini, kumlaumu mwenye kituo bila kusikiliza kilio chake. Faida yake imo ndani ya hesabu ya bei iliyotangazwa, na haibadiliki kwa namna mteja alivyolipa. Malipo ya kadi au ya simu yakikatwa ada, ada hiyo humega faida ambayo tayari ni finyu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mauzo ya shilingi 1,000 yakikatwa asilimia moja, shilingi 10 zimekwenda. Kwa anayeuza maelfu ya lita, haba na haba hujaza kibaba.

Lakini hata pesa taslimu hazitunzwi bure. Sharti zihesabiwe, zilindwe usiku, na zipelekwe benki huku mpelekaji akitazama nyuma. Noti bandia zimo, wezi wamo, na makosa ya kurudisha chenji yamo. Mwenye kituo akitaja ada ya simu peke yake na kunyamazia gharama hizi, daftari lake lina kurasa zilizochanwa.

Sasa tumgeukie mnunuzi, na hasa mnunuzi mdogo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, pesa za Wakenya wengi zimehamia kwenye simu. Mwendeshaji bodaboda anayembeba mwanafunzi hadi Ruring'u hulipwa nauli kwa simu. Akifika kituoni na kuambiwa kwamba taslimu ina nafuu ya shilingi mbili, itamlazimu kwenda kwa wakala kutoa pesa.

Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza kutumika mwaka wa 2023, kutoa kiasi chochote cha kati ya shilingi 101 na 2,500 kulikatwa shilingi 29. Walimu wa hisabati na wafanye hesabu hii pamoja na wanafunzi wao: ili shilingi 29 zirudi kwa punguzo la shilingi mbili kwa lita, lazima mtu anunue lita 14 na nusu. Tangi za pikipiki nyingi za bodaboda hazichukui kiasi hicho, na mwendeshaji mwenyewe hununua lita moja au mbili kwa wakati. Kwake yeye, zawadi ya kadibodi haifikiki. Mwenye matatu anayekusanya nauli kwa noti kutoka asubuhi huichukua zawadi hiyo bila kutoa jasho.

Hapa ndipo lugha ya mitaani ilipotutangulia kwa busara. Vijana wetu husema, "Tuma na ya kutoa." Usemi huo mfupi umebeba nadharia nzima ya uchumi: kwamba pesa iliyo kwenye simu haina thamani sawa na iliyo mkononi, na kwamba ni lazima mtu fulani aigharimie tofauti. Swali la haki ni hili: nani? Na je, ameambiwa kabla ya kulipa?

Neno "ada" lenyewe ni funzo. Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mazoea au desturi, na katika Kiswahili likabeba pia maana ya malipo yanayotozwa kwa huduma. Tahadhari iko papo hapo: ada isiyoulizwa huwa desturi, na desturi ikishakomaa hakuna akumbukaye ilianza vipi. Leo ni shilingi mbili Karatina. Tukinyamaza, kesho itakuwa ndiyo kawaida kutoka Kerugoya hadi Chuka.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kwa maoni yangu, haki hiyo inadai mambo matatu vituoni. Kwanza, bei ya bango iwe ndiyo bei ya juu kabisa ambayo mteja yeyote atalipa, kwa njia yoyote ile. Chochote tofauti na hiyo kiwe punguzo la kweli. Pili, tofauti hiyo iandikwe mahali inapoonekana na itamkwe kabla pampu haijaanza kuzunguka. Tatu, risiti ionyeshe bei ya lita iliyotozwa, ili mlalamishi awe na ushahidi wa kuwapelekea EPRA.

Aidha, EPRA ikubali kwamba malipo ya simu si jambo la pembeni tena. Ikiwa gharama ya malori inahesabiwa waziwazi katika bei ya Nyeri, basi gharama ya malipo nayo ihesabiwe waziwazi, wenye vituo wasipate kisingizio cha kuitafutia mlango wa nyuma.

Mhudumu wa pampu, maskini, hana hatia. Yeye ni mdomo wa mwingine. Lakini mwalimu na mwanafunzi hawana udhuru wa kutosoma bango. Nitakapopita tena Karatina na kuambiwa niongeze shilingi mbili, sitanung'unika garini peke yangu. Nitaomba risiti, na bei ya lita iandikwe juu yake.