Desemba na Mafungu ya Nyama

Desemba ikifika katikati, mijini huanza yale maneno ya kila mwaka kuhusu Wachagga: wanakwenda kuhesabiwa, na asiyeonekana mlimani atatafutwa. Mimi ni Mchagga wa Marangu, na naona maneno hayo yana ukweli mwingi kuliko wasemaji wanavyodhani. Tunahesabiwa kweli. Tunahesabiwa kwa kisu, juu ya majani ya mgomba, nyama inapogawanywa na kila fungu likapata mwenyewe.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilomita 560: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, kisha Same na ukame wake, Mwanga, hadi njiapanda ya Himo ambako wa Marangu na Rombo tunaachana na barabara kuu. Wiki ile ya mwisho kabla ya Krismasi nauli hupaa na tiketi huadimika. Treni ya abiria iliyorejea Moshi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa miaka mingi, imewaondolea adha wengi, hasa wenye watoto wadogo na mizigo mizito. Mizigo haikwepeki. Kuna mchele, sukari, mafuta ya kula, kitenge cha mama, blanketi la bibi, na koti la mzee ambaye kila mwaka husema hahitaji koti. Mtu haendi nyumbani mikono mitupu.

Ukishapanda kutoka Himo, joto la tambarare linabaki nyuma na migomba inakupokea pande zote mbili za barabara. Hapo ndipo vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vinapoanza. Mgeni akipita huona msitu tu, maana miti mirefu ipo juu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Mwenyeji haoni msitu. Anaona kwa fulani, kwa fulani na kwa fulani, kila mji umepakana na mwenzake kwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo alama ya mpaka. Maji ya mfongo hupita katikati, yakiwa yametolewa mtoni kwa mifereji iliyochimbwa na mababu na kugawiwa kwa zamu. Na ndani ya kihamba hicho hicho, si mbali na nyumba, wamelala waliotutangulia. Babu yangu yupo pale. Watoto wakifika humwamkia bibi jikoni, kisha hupelekwa kuliona kaburi, na ndipo hupewa chakula.

Chakula hicho kimeandaliwa tangu zamani. Mbege hasa, pombe yetu ya ndizi, haina haraka. Mama huanza kukusanya ndizi mbivu wageni wakiwa bado makazini kwao, akazimenya na kuzichemsha kwenye sufuria kubwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu za kuelekea kahawia. Zikishapoa humiminwa kwenye pipa na kuachwa siku kadhaa zichache. Upande wa pili kuna ulezi, ambao nao una safari yake: huloweshwa, huachwa uote, huanikwa juani, kisha husagwa. Unga wa kimea hicho hupikwa uji mzito, halafu ule uchachu wa ndizi huchujwa na kuchanganywa na uji. Gome la mti wa msesewa ndilo linaloleta ule uchungu mwembamba unaobaki ulimini. Kina mama wa jirani huja kuonja, mmoja akasema bado, mwingine akasema iko tayari, na anayeamua mwisho ni mwenye pipa. Mkono wa mama katika mbege unajulikana mtaa mzima, na sifa hiyo haipatikani kwa fedha.

Nayo hainywewi ovyo. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni ili waone ni salama, kisha kata hukabidhiwa mzee kuliko wote aliyepo. Kata ni ya kibuyu, nayo huzunguka. Mmoja anakunywa, anafuta ukingo kwa kiganja, anampa wa pili. Kijana akipewa huipokea kwa mikono miwili. Wazee wa zamani walimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliolala kihambani kabla hawajapeleka kinywani, kwa sababu kwao mezani walikuwapo walio hai na wasio hai. Mangi Petro Itosi Marealle, aliyetawala hapa hapa Marangu, aliandika kitabu kuhusu mila zetu akakiita *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, na jina hilo linaeleza vizuri jinsi wazee walivyoona ulimwengu: dunia na ahera ni mji mmoja. Leo wengi wetu ni Wakristo, na nyumba nyingi zimeacha kumwaga. Badala yake makaburi husafishwa, hupakwa chokaa, huwekwa maua, na mchungaji au katekista huombwa aje aongoze sala. Ila naona kuwa hata nyumba zilizoacha kumwaga haziwezi kuketi kula Desemba bila kuwataja marehemu wao.

Vyakula vingine nitavitaja kwa kifupi. Kuna kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja. Kuna machalari ya ndizi na nyama. Kuna mtori, ndizi zilizopikwa na nyama ya mifupa zikapondwa hadi zikawa laini, ambao kwanza ni chakula cha mzazi. Kama mkwe mmoja amejifungua mwaka huo, mtori wake hupikwa kwenye chungu cha peke yake, na mama mkwe ndiye huupeleka chumbani kwa mkono wake mwenyewe hata kama nyumba imejaa wasichana wa kutumwa.

Siku kubwa kwetu ni ya pili baada ya Krismasi, watu wakishatoka kanisani na kupumzika. Asubuhi na mapema wanaume hukusanyika nyuma ya nyumba, majani ya mgomba yakatandazwa, mbuzi akaletwa. Kisu anacho baba mdogo, kwa sababu yeye ndiye kitinda mimba, ndiye aliyebaki na wazazi. Damu hukingwa kwenye beseni safi, maana ndiyo itakayoingia kwenye kisusio, ile supu ya mbuzi yenye majani machungu inayonywewa pale pale machinjioni ikiwa bado inatoa mvuke. Watoto wa kiume husimama karibu wakisubiri vipande vidogo vya kuchoma motoni, malipo yao ya kuchota maji.

Kisha unakuja ugawaji, na hapo sauti hupungua. Baba mdogo hakati popote anapotaka. Anapitisha kisu kwenye maungio, na kila kiungo kinapoachia anakitaja mwenyewe. Kidari cha mzee mwenye ukoo. Hili la shangazi. Hili la mjomba, maana mama zetu hawakuokotwa njiani. Hili la kina mama waliopika mbege. Hili la yule jirani aliyemtunza mbuzi mwaka mzima, kwa sababu kwetu ni kawaida mnyama wako kulishwa kwa mwenzako, na anayelisha ana haki yake. Kibosho wanagawa kivyao, Machame na Rombo kivyao, na hata humu Marangu koo mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana mguu uende kwa nani. Lisilotofautiana ni kwamba kila fungu lina jina kabla mbuzi hajachinjwa. Mwaka mmoja binamu yangu, mtoto wa mjini, alinyoosha mkono kwenye nyama iliyokuwa imewekwa kando.

"Hiyo ni ya shangazi yako," baba mdogo akamwambia bila kuinua macho. "Haiguswi mpaka afike."

"Kama haji leo, baba mdogo?"

"Basi utampelekea wewe."

Alipelekewa kweli, Kilema, jioni ile ile, nyama ikiwa imefungwa kwenye jani la mgomba na kutiwa kwenye kikapu. Shangazi alikuwa na miguu mibovu na hakutegemea kumwona mtu. Alilipokea fungu lake, akaliangalia, akajua ni lipi, akajua kwamba kwa kaka zake bado anatambulika kuwa ni shangazi.

Mimi mwenyewe ukoo wangu niliujua kwa njia hiyo. Tulipokuwa wadogo tulitumwa na mafungu: peleka hili kwa bibi wa ng'ambo ya mfongo, mwambie limetoka kwa nani, usisahau kumwamkia. Kila fungu lilikuwa na njia yake kati ya migomba, na kila njia iliishia kwenye mlango wa ndugu. Mwalimu hakuwapo wala mchoro wa ukoo haukuwapo, lakini kufikia umri wa kwenda kipaimara tulijua nani ni nani, nani hawezi kumwoa nani, na nani amegombana na nani, kwa sababu fungu la mtu mliyegombana naye halikusimama. Lilipelekwa vile vile.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kile kingine tulichokuwa tukigawana, yaani ardhi, kimekwisha. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia 1933 wakulima wetu walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ilijenga shule na kulipa ada, na shule zikawatoa watoto mlimani. Waliobaki waligawana ardhi. Kwa desturi mkubwa hupewa kihamba chake na kitinda mimba hubaki na mji wa wazazi. Wa katikati hutafutiwa mahali, na mahali hapakuwa papana. Watafiti waliopima vihamba miaka ya 1980 walikuta wastani wa hekta 0.68 kwa kaya, na tangu hapo kizazi kingine na kingine vimeshagawana hicho hicho. Kwetu kuna ndugu ambaye urithi wake ni mistari miwili ya migomba na nafasi ya kaburi. Kukigawanya tena ni kumpa kila mtu kivuli tu. Ndiyo maana wengi wetu tuliozaliwa pale hatuna cha kulima tunaporudi, na kinachotufanya kuwa wa pale ni kile kinachokatwa siku ile nyuma ya nyumba.

Tena si wote waliokuwa wakipewa ardhi. Mabinti hawakupewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini vikao vingi vya ukoo bado vinazungumza kana kwamba sheria hiyo haijafika mlimani. Naipenda mila yangu, na hapo sikubaliani nayo hata kidogo. Ukoo unaokumbuka fungu la nyama la shangazi na kusahau fungu lake la udongo una deni. Nafurahi kuona dada zetu wanaanza kulisema hilo kikaoni waziwazi, wakiwa wameketi mbele na si kwenye mlango wa jiko.

Kikao chenyewe hufuata chakula, na kwa makusudi. Watu walioshiba pamoja hawagombani upesi. Husomwa michango ya ada na ya matibabu, huulizwa nani hana kazi na nani anaweza kumshika mkono, wachumba hutambulishwa, na watoto waliozaliwa huitwa majina mbele ya wote, wa kwanza akibeba la upande wa baba yake mzazi. Wenye ugomvi huufikisha pale. Aliyekosa huja na jani la sale na mbege, akatanguliwa na mzee, na aliyekosewa akionyeshwa sale hana njia rahisi ya kukataa. Nimeshuhudia ndugu wawili waliokuwa wakisumbuana juu ya mpaka tangu mvua za masika wakapokea sale, kisha wakanywea kata moja. Mpaka ulibaki pale pale. Kilichoondoka ni ile tabia ya kupitana njiani bila kusalimiana.

Kinachonitia hofu ni jambo dogo kwa kulitazama. Miaka ya karibuni nyumba zenye uwezo zinakodi wapishi. Mahema yanafungwa, viti vinavalishwa vitambaa, wali na kuku vinapangwa kwenye meza ndefu, na kila mtu anajichotea. Chakula ni kizuri, kina mama wanapumzika, na hilo la kina mama silipingi kabisa. Lakini nyama ile imenunuliwa buchani kwa kilo. Haina kidari cha mzee, haina cha shangazi. Aliyekuja anakula na aliyeshindwa kuja hakumbukwi, kwa kuwa hakuna kilichobaki kando na jina lake. Watoto wanamaliza sikukuu wakicheza na simu chini ya hema, wakaondoka bila kujua njia ya kwenda hata nyumba moja.

Mwaka jana jambo hili tulilileta kikaoni. Wengine walisema wapishi waendelee, wengine walitaka waondolewe kabisa, na tulibishana hadi giza likaingia. Mwisho tulikubaliana hivi: wapishi wapike wali na mboga ili kina mama wakae na wageni wao, lakini mbuzi achinjwe nyumbani, na vijana wawili wasimame na baba mdogo wajifunze maungio na wenye maungio. Mafungu ya wasiokuwapo yapelekwe na watoto, wakubwa wakiwaongoza wadogo, hata kwa magari pale penye mbali. Na binti wa shangazi, ambaye ni mwalimu, alipendekeza mabinti nao washike kisu. Wazee waliomba muda wa kulifikiria hilo. Litarudi mezani Desemba hii.