Land Rover kuukuu Kimamba: Breki za diski ni gharama au akiba?

MFANYABIASHARA wa Kimamba, wilayani Kilosa, mwenye Land Rover ya zamani anaweza kuahirisha kupaka gari rangi au kushona viti upya, na biashara isitikisike. Breki haziahirishwi. Gari linalotoka Kimamba kupitia Kilosa na Mikumi kwenda Ilula kununua nyanya na vitunguu lazima lipande Kitonga, na lirudi likiteremka mlima huohuo likiwa na mzigo kamili. Hapo ndipo wenye magari hayo wanapojiuliza: je, yafaa kuondoa breki za dramu na kufunga za diski?

Land Rover za Series II (1958), IIA (1961) na III (1971 hadi 1985) zilitoka kiwandani na dramu katika magurudumu yote manne. Range Rover ilikuja na diski nne mwaka 1970, na Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ikawa na diski mbele. Kwa hiyo anayefunga diski leo anafuata njia ambayo kiwanda chenyewe kilipita.

Tofauti iko kwenye joto na maji

Ndani ya dramu, viatu vya breki hutanuka na kusugua ukuta wa ndani. Joto halina pa kutokea. Dramu ikichemka hutanuka na kukimbia viatu, kanyagio huzama zaidi, na laini iliyopata moto hupoteza mshiko. Dereva anayeteremka Kitonga huku mguu haubanduki kwenye breki hukutana na hali hiyo katikati ya mlima, si mwanzoni.

Diski huzunguka mahali pa wazi, upepo ukaipoza. Ikipata joto huvimba kuelekea kwenye pedi, haizikimbii. Wakati wa masika faida nyingine huonekana: dramu iliyoingia maji na tope huteleza kwa muda, na mchanga uliobaki ndani hula laini, ilhali diski hurusha maji nje.

Hata hivyo dramu ina sifa moja. Inapozunguka hukivuta kiatu cha mbele kijibane zaidi, hivyo mguu hautumii nguvu nyingi. Diski haina msaada huo. Anayefunga diski bila busta atakuta gari jepesi kukimbia, zito kusimama.

Mitego ya gereji

Wengi hupoteza fedha katika hatua tatu.

Ya kwanza ni ekseli. Wapo wanaoona nafuu kununua ekseli nzima ya mtumba ya Range Rover au One Ten. Ekseli hizo ni pana zaidi na zilitengenezwa kwa springi za koili, wakati Series hutumia springi za majani, hivyo lazima zichomelewe vikalio vipya. Kubwa zaidi, difu zake kwa kawaida ni za uwiano wa 3.54 badala ya 4.7 wa Series. Ukibadili ekseli ya mbele peke yake, siku ya kuingiza gia ya magurudumu yote manne mbele na nyuma vitavutana, na chuma kitavunjika. Vifaa vinavyofungwa juu ya ekseli ya asili huondoa tatizo hilo, ila hakikisha kwanza kwamba kalipa zitaingia ndani ya rimu ulizonazo.

Ya pili ni masta silinda. Kalipa huhitaji mafuta mengi kuliko silinda za dramu. Aidha, masta silinda za dramu huwa na vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye bomba. Ikiachwa upande wa diski, pedi zitaendelea kugusa diski muda wote, zitakwisha haraka na kuchemsha mafuta.

Ya tatu ni bomba. Magari mengi ya zamani yana mzunguko mmoja wa mafuta, hivyo bomba moja likipasuka breki zote zinaondoka. Masta silinda yenye mizunguko miwili ndiyo matumizi ya kwanza, hata kabla ya kuwaza diski.

Dramu za nyuma zinaweza kubaki. Breki ya mkono nayo haiguswi, kwa sababu katika magari haya hukamata shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma, si magurudumu.

Hesabu

Tuseme, kwa mfano tu na si kwa bei ya soko, kazi yote inagharimu Sh 2,400,000, na gari linakwenda Ilula mara mbili kwa wiki, yaani safari 100 hivi kwa mwaka. Gharama ni Sh 24,000 kwa safari katika mwaka wa kwanza. Ikigawanywa kwa miaka miwili ni Sh 12,000. Kiasi hicho kilinganishwe na thamani ya mzigo mmoja wa nyanya, gari lenyewe, na uhai wa dereva na utingo wake. Ikumbukwe pia kwamba bima ndogo hulipa hasara ya mtu mwingine. Gari lako na mzigo wako hazimo.

Lakini gari lisilovuka Kimamba na Kilosa, likibeba mahindi kwenye tambarare kwa mwendo wa wastani, halina haja hiyo. Dramu zilizokerezwa sawasawa, viatu vipya, silinda zisizovuja na mafuta mapya ya breki vinatosha. Mafuta hayo hunyonya unyevu: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155.

Anayeliweka gari kama mtaji naye afikiri. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha kwamba magari haya yana wapenzi wengi, na baadhi ya wanunuzi hutaka gari lilivyotoka kiwandani. Dramu zinazofunguliwa zisiuzwe chuma chakavu. Zipakwe grisi na zihifadhiwe.

Kwa anayepanda Kitonga kila wiki, ushauri ni kuanza na mizunguko miwili, kisha busta, kisha diski za mbele. Anayeanza na diski na kuishiwa fedha njiani atakuwa amenunua breki nusu, na mlima hautambui nusu.