Bei ya Seti Si Bei ya Gari

Katika lugha ya biashara hakuna neno dogo lenye hila kubwa kama neno "kuanzia". Muuzaji anenapo kwamba bidhaa yake yauzwa kuanzia bei fulani, hajasema uongo. Lakini pia hajaitaja bei. Ametaja kizingiti, akainyamazia nyumba. Nami sijaona mahali ambapo neno hili huwaponza watu kama katika biashara ya magari ya spoti ya kujiundia, ambayo imeshamiri Uingereza na Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Aghalabu wanafunzi wangu huniletea picha za magari hayo wakiuliza iwapo mtu wa kipato cha kawaida aweza kumiliki gari linalofanana na la tajiri. Jibu langu ni kwamba aweza, mradi bajeti ndiyo imchagulie gari, wala si picha.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Gari la namna hii huuzwa likiwa seti ya vipande: fremu ya chuma, bodi ya faibaglasi au ya aluminiamu, na vifaa vya kuunganishia. Injini, giaboksi, ekseli na vinginevyo, mnunuzi huvinyofoa katika gari kuukuu alilolinunua kwa ajili hiyo. Gari likiundwa hivyo kwa kufuata umbo la gari mashuhuri, huwa ni nakala. Neno hilo tumelipata katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha kitu toka mahali hadi mahali, na maana hiyo yatufaa hapa. Kinachohamishwa ni umbo. Historia na thamani hubaki kwa gari la asili.

Huko Uingereza, kodi ndiyo iliyoipa biashara hii nguvu. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alianza kuuza gari dogo la watu wawili lililoitwa Seven. Kodi ya ununuzi ya wakati huo ililitoza gari zima, lakini si vipande vyake. Husimuliwa kwamba, kwa kuwa sheria ilikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuliunganisha gari, aliuziwa maelekezo ya kulifumua, naye akayasoma kuanzia mwisho! Mwaka 1973 kodi hiyo iliondolewa, ushuru wa VAT ukashika mahali pake, na faida ile ikatoweka. Mwaka huo huo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuitengeneza Seven, na hadi leo huiuza pia ikiwa vipande. Basi anayenunua seti siku hizi asidhani anaukwepa ushuru. Anachookoa ni ujira wa fundi, nao ataulipa kwa jasho lake mwenyewe.

Tukiyapanga magari haya kwa uzito wa mfuko, tabaka la chini ni la wale wanaojichomelea hata fremu. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichowaahidi wasomaji kwamba wangeweza kujiundia gari la spoti kwa pauni 250 tu. Gari lenyewe, lenye umbo la Seven, likaitwa Locost, jina lililofinyangwa kwa kuunganisha Lotus na maneno ya Kiingereza yenye maana ya gharama ndogo. Vipuri vyake vilitoka katika Ford Escort za zamani. Lakini Escort hizo zikaanza kuadimika, na wapenzi wa magari ya kale wakazipandisha bei. Mwaka 2007 Chris Gibbs alipotoa kitabu kingine cha mkondo huo huo, vipuri vilikuwa vya Ford Sierra. Hapa pana funzo la kwanza: kabla ya kuagiza seti, ulizia bei ya gari la vipuri kama ilivyo leo, wala si kama ilivyoandikwa kitabuni.

Tabaka la kati ni la nakala za Porsche 356 Speedster, gari lililotoka mwaka 1954. Nyingi hujengwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle, lile lile lililowahi kushinda mashindano ya Safari hapa Afrika Mashariki miaka ya 1954 na 1957. Uamuzi huo una mantiki, kwani Porsche 356 yenyewe ilichipuka katika usanifu wa Beetle: injini iko nyuma, nayo hupozwa kwa hewa. Nakala inapokuwa na unasaba na gari linaloibeba, kazi ya kukata na kuunga hupungua, na gharama nayo hupungua.

Tabaka la juu ni la Cobra. Mwaka 1962 Carroll Shelby, dereva wa mashindano aliyekuwa amestaafu, alilichukua gari jepesi la kampuni ya AC ya Uingereza akalitia injini ya Ford ya V8. Magari ya asili yaliyoundwa yalikuwa yapata 1,000 tu, na la kwanza kabisa liliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Si ajabu basi kwamba Cobra ni miongoni mwa magari yanayonakiliwa zaidi duniani. Kampuni ya Factory Five ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina seti inayoweza kupokea vipuri vya Ford Mustang za kati ya 1987 na 2004. Lakini injini ya V8 haiji peke yake. Huja na madai ya breki kubwa, tairi pana, bima ghali na kiu ya petroli. Seven yenye uzito wa karibu kilo 500 hutosheka na injini ndogo ya gari la kawaida. Asiyeweza kuilisha V8 na asiifuge.

Mtu afanyeje hesabu yake? Natoa kielelezo cha kukadiria tu. Mwenye pauni 10,000 asinunue seti ya pauni 9,000. Seti isizidi nusu ya fedha zake, tuseme 4,500. Gari la vipuri na ukarabati wa injini atenge 2,000. Tairi, viti na rangi 1,500. Ukaguzi, usajili na bima 500. Pauni 1,500 zinazosalia aziweke akiba, kwani hapana shaka atavunja kitu au atasahau kitu. Isitoshe, kuna mamia ya saa za kazi, spana na mashine za kununua au kuazima, na paa la kulihifadhi gari lisinyeshewe kabla halijakamilika. Ikiwa hesabu haikai, ashuke tabaka moja. Locost iendayo barabarani ni bora kuliko Cobra iliyolala masandukuni miaka kumi.

Ukaguzi nao si jambo la kupuuzwa. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, gari la kujiundia hupimwa kwa utaratibu uitwao IVA kabla ya kusajiliwa. Hukaguliwa breki, taa, vioo, kelele, moshi, hata kingo kali zinazoweza kumjeruhi mpita njia. Gari ambalo umri au asili yake haithibitiki hupewa nambari inayoanza na herufi Q, ambayo huwatia shaka wanunuzi wengi. Hivyo, stakabadhi za kila kipande na zitunzwe tangu siku ya kwanza.

Lipo pia suala la unyofu. Nakala si bandia mpaka pale mwenyewe anapoificha asili yake. Mwaka 1991 mahakama ya rufani nchini Marekani iliipa Ferrari ushindi dhidi ya mtengenezaji aliyeuza bodi za faibaglasi zilizoiga Daytona na Testarossa. Mnunuzi mwenye busara huuliza iwapo muuzaji ana haki ya umbo analoliuza, la sivyo huenda kampuni ikafungwa kabla vipande vyote havijamfikia. Naye akija kuliuza gari lake, aliite kwa jina lake: nakala.

Sisi nasi tuna kumbukumbu ya jambo linalokaribiana na hili, ingawa kwa kiwango kingine. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya kielelezo ya Nyayo Pioneer yakazinduliwa. Hayakuwa nakala, wala hayakutoka katika seti ya mtu. Yalitembea. Ujuzi haukukosekana, kilichokosekana ni fedha za kuyatengeneza kwa wingi, na mradi ukakwama. Kati ya taifa na barobaro mwenye karakana nyuma ya nyumba, gharama ya kuanza huonekana kwa urahisi, na ile ya kumaliza hujificha.

Ndiyo maana nawasihi walimu wa hisabati na wa ufundi walijaribu zoezi hili darasani. Mpe kila mwanafunzi bajeti moja na magari matatu: Locost, Speedster na Cobra. Mwache atafute bei za kila kitu mpaka siku gari litakapopata nambari ya usajili. Kisha mwulize ni gari lipi atakalolimaliza. Huenda asimiliki hata moja kati ya hayo, lakini siku atakapojenga nyumba au kufungua duka, atalijua swali la kumwuliza yeyote amwambiaye "kuanzia".