Troli Tatu za Illzach

Watu wakiniuliza kama ni kosa kuhimiza wenzao wasusie bidhaa, huwaeleza kisa cha Illzach, mashariki mwa Ufaransa. Septemba 2009 wanaharakati waliingia supamaketi moja huko, wakajaza troli tatu bidhaa walizoamini zimetoka Israel, wakaziweka wateja wazione, huku wakigawa vipeperushi. Hawakumpiga mtu wala kuharibu kitu. Mahakama ya kwanza iliwaachia huru; ile ya rufaa, Colmar, ikawatia hatiani mwaka 2013 kwa kuchochea ubaguzi.

Walikwenda Strasbourg. Juni 2020 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba uhuru wao wa kujieleza ulikiukwa: wito wa kususia ni kauli ya kisiasa, nao unalindwa mradi usichochee chuki wala vurugu. Mpaka huo nauunga mkono kwa moyo wote. Pinga sera za serikali. Usimwandame Myahudi kwa Uyahudi wake.

Lakini mnunuzi atasusia vipi asichojua kilikotoka? Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa matikiti na nyanya zilizovunwa Sahara Magharibi ziandikwe Sahara Magharibi, si Moroko. Ila mahakama hiyo ilisema pia kuwa Ufaransa, peke yake, haiwezi kupiga marufuku uingizaji wake.